Usimtenge mtoto wa mbwa na wenzake kabla ya wiki nane

Msimu wa chanjo ya kichaa cha mbwa unapokaribia, kuelekea Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani tarehe 28 Septemba, malalamiko yanayofika kwa maafisa mifugo yanafanana: mbwa wa nyumbani amemng'ata mtoto wa jirani, na mwenye mbwa anaapa kwamba hakumfundisha ukali. Mara nyingi anasema kweli. Lakini mbwa huyo aliletwa nyumbani akiwa na wiki nne, "amzoee bwana wake", na tangu hapo akafungwa mnyororo.

Watoto wa mbwa huanza kuchezeana wakiwa na wiki tatu hivi, meno yanapochomoza. Hurukiana, huangushana, hung'atana masikio. Mmoja aking'ata kwa nguvu, mwenzake hulia na kuacha mchezo, na aliyeng'ata akitaka mchezo uendelee itabidi alegeze taya. Hapo ndipo mbwa anapojifunza kipimo cha meno yake, na binadamu hawezi kumfundisha vizuri kuliko ndugu zake. Utafiti wa John Paul Scott na John Fuller huko Bar Harbor, Marekani, uliochapishwa mwaka 1965, ulionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 ndipo mbwa hujenga mazoea na mbwa wenzake na watu.

Ubongo nao hubadilika kwa mchezo. Hili limechunguzwa zaidi kwa panya, kwa hiyo tusilihamishie kwa mbwa neno kwa neno. Sergio Pellis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lethbridge, Kanada, waliona kwamba panya waliocheza na wenzao utotoni, seli za sehemu ya mbele ya ubongo hupunguziwa matawi, kama mkulima anavyopogoa mkahawa. Sehemu hiyo ndiyo husaidia mnyama kujizuia na kusoma nia ya mwenzake. Panya walionyimwa mchezo, wakikutana ukubwani na dume mbabe, hawajui kunyenyekea. Huhangaika huku na huku na kushambuliwa zaidi.

Wapo wanaodhani mchezo ni mazoezi ya kupigana. Mtafiti Lynda Sharpe aliwafuatilia nguchiro wa jangwa la Kalahari, kusini mwa Afrika, na waliocheza sana utotoni hawakushinda mapigano zaidi walipokua.

Kuhusu pilipili na bangi kwenye chakula cha mbwa ili awe mkali, tumeeleza mara nyingi na tunaeleza tena: ni mateso, hayaleti ulinzi. Mbwa aliyeteswa hatofautishi mwizi na mtoto anayefuata mpira uani. Kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya mwaka 2008.

Basi mwache na mama yake hadi wiki nane. Ukishamchukua, mpe nafasi ya kucheza kila siku na watu wa nyumbani, watoto wakisimamiwa na mtu mzima. Asikutane na mbwa wa mtaani asiyejulikana kabla ya kuchanjwa. Akifikisha miezi mitatu, mpeleke kwa afisa mifugo wa kata au kituo cha chanjo, akiwa amefungwa kamba na kushikwa na mtu mzima anayemfahamu. Tunza cheti cha chanjo na urudie chanjo kwa tarehe iliyoandikwa humo.

Mbwa akimng'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu na hata kama mbwa ana cheti. Usisubiri kuona mbwa ataugua. Usimuue pia, isipokuwa ni hatari isiyozuilika: mfungie mahali salama, toa taarifa kwa afisa mifugo, naye atamchunguza kwa siku 10. Wengi humpiga hadi kufa na kumfukia, kisha mtaalamu anafika na hana cha kuchunguza.