"Nimeshapandisha PDF" na mengine niliyochoka kuyasikia

Kazi yangu ni kuwasaidia wahadhiri wa Unguja na Pemba kupanga masomo yao kwenye Moodle, mfumo wa kusomeshea mtandaoni. Wiki haipiti bila ya mmoja kuniambia, "Sheikh, langu limekwisha, nimeshapandisha PDF." Naifungua, nakuta kurasa za kitabu zilizopigwa picha kwa simu, nyengine zimelala ubavu, na kidole gumba kimeingia pembeni.

Jina lake PDF, lakini ndani ni picha tupu. Jicho lako linaona herufi. Kompyuta haioni hata moja. Mwanafunzi asiyeona akiifungua kwa NVDA, programu ya kompyuta inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, huambiwa waraka hauna kitu. Mwenye uoni hafifu akikuza, herufi zinageuka ukungu. Na mwenye macho yake mawili mazima, usiku wa kuamkia mtihani, akitafuta neno "mizania" hapati jibu. Tena kuna bando. Sura moja ya picha inaweza kufika MB 40, ilhali sura hiyo hiyo ikichapwa mara nyingi haifiki MB 1. Mwanafunzi aliyeko Micheweni na bando lake la siku, hizo 39 anamlipia nani?

Kipimo chake ni sekunde tano: buruta kipanya juu ya neno moja. Likishikika peke yake, ni maandishi. Ukishika ukurasa mzima, au usishike kitu, ni picha. Na bado watu wenye shahada tatu hunitumia picha.

Linaloniudhi zaidi ni wale wanaoandika mhadhara wao wenyewe kwenye Word, wakauchapisha, halafu wakauskani. Kwa nini, jamani? Faili unalo! Lihifadhi kama PDF moja kwa moja kutoka kwenye Word. Kabla ya hapo, vichwa vya habari vipe mtindo ulioandikwa Heading 1, Heading 2. Usikoleze wino na kuongeza ukubwa ukadhani umemaliza. Anayetumia NVDA hubonyeza H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, kama wewe unavyopitisha macho. Kichwa kilichokolezwa tu, kwake ni sentensi kama sentensi nyengine, na atasikiliza kurasa 30 kutafuta aya moja.

Kama ni kitabu cha zamani na hakuna nakala nyengine, kipitishe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha ukae ukisome. Hukosea, khasa kwenye majedwali na pale Kiswahili kinapochanganyika na Kiarabu.

"Darasani mwangu hakuna mlemavu." Umejuaje, na hujawahi kuwaona? Wengi hawasemi. Na hili si suala la hisani: Zanzibar ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu tangu 2006, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo mwaka 2009.

"Programu za wasioona ni ghali." NVDA ni bure. TalkBack, inayofanya kazi hiyo hiyo kwenye simu, imo tayari ndani ya simu nyingi za Android, pengine hata hiyo uliyopigia picha kitabu.

"Manukuu ya video ni ya viziwi." Hayo maandishi ya chini ya video ni yao kwanza, naam, ingawa kwa kiziwi aliyekulia lugha ya alama hayatoshi peke yake. Lakini waulize wanaosikiliza mihadhara ndani ya daladala, au wasioshika Kiingereza cha haraka.

"Maswali ya lazima nimeyatia rangi nyekundu." Asiyeona rangi, na anayesikiliza, hawana khabari na nyekundu yako. Andika "lazima".

Na viungo vya kubofya, tafadhali, vipe majina: "Mhadhara wa 3", "Fomu ya zoezi". Juzi nilifungua somo moja nikaiambia NVDA inisomee orodha ya viungo vyake. Bofya hapa. Bofya hapa. Bofya hapa. Mara kumi na nne.