Je, wajua? Kwa nini mjamzito aliyekutwa na bakteria wa streptokoka kundi B hapewi dawa mpaka uchungu uanze

Marekani, mjamzito akifika wiki ya 36 au ya 37 huchukuliwa kipimo kwa kijiti chenye pamba, kinachopitishwa ukeni na kwenye njia ya haja kubwa. Siku mbili tatu baadaye majibu hurudi. Akiambiwa amekutwa na streptokoka kundi B, huuliza dawa anaanza lini, na jibu ni kwamba atapewa akija kujifungua. Basi wiki tatu au nne nzima mama anatembea na bakteria wanaojulikana duniani kote kwa kuua watoto wachanga. Dawa inayowaua, penisilini, ipo na bei yake ni ya chini, lakini hapewi hata kidonge. Kwa mama aliyetoka Kigoma au Goma, aliyezoea kliniki ambako kaswende ikionekana sindano huchomwa siku hiyohiyo, hili linafanana sana na uzembe.

Si uzembe. Kosa liko kwenye picha tunayokuwa nayo kichwani tukisikia kwamba mtu "amekutwa na bakteria". Tunadhani ana ugonjwa, kwamba ugonjwa huo umetoka mahali, pengine kwa mume au kwa uchafu, na kwamba dozi moja nzuri ingeumaliza.

Kubeba bakteria hawa si kuugua. Karibu mjamzito mmoja kati ya kila watano au sita duniani anao, jumla yao wapatao milioni 20 kila mwaka, na walio wengi hawahisi lolote: hakuna homa, hakuna maumivu, hakuna uchafu unaotoka. Makao yao ni utumbo mpana. Kutoka huko husogea hadi ukeni, safari fupi mno, hukaa wiki kadhaa na kutoweka, kisha hurudi. Ndiyo maana kijiti hupitishwa sehemu mbili, na ndiyo maana kipimo cha mwezi wa nne hakisaidii kutabiri hali itakavyokuwa mwezi wa tisa.

Dhana ya uchafu ilipimwa, tena kwa ukubwa. Huko Soweto, Afrika Kusini, watafiti waliwasafisha uke kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, maelfu ya wanawake waliokuwa kwenye uchungu, na watoto wao wakafutwa mwili kwa dawa hiyohiyo mara walipozaliwa. Utafiti ulihusisha wanawake zaidi ya 8,000, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Waliosafishwa na wasiosafishwa walilingana: bakteria waliwapata watoto kwa kiwango kilekile, na maambukizi ya damu hayakupungua. Mama anayejilaumu kwamba hakujisafisha vya kutosha anaweza kuacha.

Dhana ya mume nayo ilipimwa. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo lingempendeza kila anayeshuku kwamba hili ni jambo la zinaa: waliwatibu kwa penisilini wajawazito na wenzi wao pamoja, katika miezi ya mwisho ya mimba. Siku ya kujifungua ilipofika, wengi wa wanawake hao walikutwa tena na bakteria. Dawa huwapunguza kwa muda, kisha utumbo huwarudisha.

Hapa ndipo kulinganisha na kaswende kunapofaa. Dawa ni ya familia moja, penisilini, lakini kalenda ni mbili tofauti. Kimelea cha kaswende ni mvamizi asiye na makao halali mwilini. Kinaweza kupenya kondo la nyuma na kumfikia mtoto muda wowote wa mimba, kwa hiyo kila wiki ya kusubiri ni hasara, na kikishauawa hakirudi mpaka mtu aambukizwe upya. Streptokoka kundi B ni mpangaji wa kudumu ambaye mara nyingi hana neno na mwenye nyumba. Ukimtoa wiki ya 36, anaweza kuwa amesharejea wiki ya 39, na wiki ya 39 ndiyo yenye hatari.

Isitoshe, dawa anayodungwa mama kwenye leba haimtibu mama. Mlengwa ni mtoto. Penisilini ikiingia kwenye mshipa wa mama hupita kondo la nyuma, hujaa kwenye damu ya mtoto na baadaye kwenye maji yaliyomzunguka, ili atakapomeza au kuvuta pumzi yenye bakteria njiani awe na dawa tayari mwilini. Kazi hiyo huchukua muda, ndiyo maana kinachopendekezwa ni dozi ya kwanza iingie angalau saa 4 kabla ya mtoto kutoka. Lakini penisilini ya aina hii huchujwa na figo upesi, kwa hiyo dozi hurudiwa kila baada ya saa 4 hadi mtoto azaliwe. Ile ambayo ingetolewa wiki ya 36 ingekuwa imekwisha mwilini kesho yake.

Zipo hali zinazovunja utaratibu huu. Bakteria wakikutwa kwenye mkojo kwa wingi, hayo ni maambukizi ya njia ya mkojo, ile UTI inayojulikana na kila mtu, na hutibiwa mara moja. Hata hivyo mama huyo atapewa dawa tena wakati wa uchungu. Anayefanyiwa upasuaji wa kupanga kabla ya uchungu kuanza, chupa ikiwa bado haijapasuka, hahitaji dozi ya kumlinda mtoto hata kama kipimo kilimkuta na bakteria. Na Uingereza haiwapimi wajawazito wote, bali hutazama dalili za hatari, kama mama kupata homa au kuwa na mtoto wa awali aliyeugua. Mjadala wa nani yuko sahihi bado unaendelea.

Matokeo ya Marekani ni ya kuvutia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu watoto 2 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai waliugua katika wiki yao ya kwanza. Baada ya dawa ya wakati wa uchungu kuenea, na kupima kila mjamzito kuwa utaratibu wa nchi mwaka 2002, idadi ilishuka hadi karibu watoto 2 kati ya kila 10,000. Lakini ugonjwa unaojitokeza baadaye, kuanzia siku ya 7 hadi karibu miezi mitatu, ambao mara nyingi huja kama homa ya uti wa mgongo, haukupungua. Dripu ya saa chache haiwezi kumlinda mtoto wa mwezi mmoja.

Hata kabla ya dawa hizi watoto wengi hawakuugua, na kwangu hili ndilo la ajabu zaidi. Chukua akina mama 100 wenye bakteria, wasiopewa dawa yoyote. Watoto wapatao 50 watatoka na bakteria kwenye ngozi, mdomoni au tumboni. Watakaougua ni mmoja au wawili. Wote wamepita njia ileile, na wote wamekutana na kiumbe yuleyule mwenye gamba la sukari linalofanana na sukari iliyo juu ya seli zetu, kiasi kwamba kinga ya mwili humpita bila kumshtukia.

Mwaka 1976 watafiti Carol Baker na Dennis Kasper walionyesha sehemu kubwa ya jibu: akina mama wa watoto waliougua walikuwa na kingamwili (protini za damu zinazotambua vimelea na kupambana navyo) chache sana dhidi ya gamba hilo kuliko mama wengine waliobeba bakteria hao bila watoto wao kudhurika. Mtoto mchanga hajui kutengeneza kingamwili za namna hii. Alizo nazo amepewa na mama, na namna anavyopewa inastahili kutazamwa taratibu.

Fikiria kivuko cha Likoni, kule Mombasa. Upande mmoja ni damu ya mama, upande wa pili damu ya mtoto, na katikati kondo la nyuma ambalo haliruhusu damu hizo zichanganyike. Abiria ni kingamwili. Chembe za kondo humeza matone ya majimaji kutoka upande wa mama pamoja na chochote kilichomo. Ndani ya chembe, tone hilo hugeuka kuwa na uchachu kidogo, na uchachu huo ndio kengele ya kupakia: kuna protini maalumu ambayo katika uchachu hukamata kingamwili za aina ya IgG na kuzishikilia, huku abiria wengine wengi wakiishia kusagwa. Kivuko kikifika upande wa mtoto, ambako hakuna uchachu, mshiko unalegea na abiria anashuka. Kingamwili kubwa za aina ya IgM hazina tiketi kabisa, hata mama awe nazo nyingi kiasi gani.

Kivuko hiki hakiendi kwa kasi moja. Kati ya wiki ya 17 na ya 22, mtoto ana asilimia 5 hadi 10 tu ya kiwango cha IgG cha mama yake. Kufikia wiki ya 28 hadi 32 amefika karibu nusu. Anayezaliwa kwa wakati wake huwa na nyingi kuliko mama mwenyewe. Mtoto njiti amezaliwa safari nyingi zikiwa bado hazijafanyika, na ndiyo sababu mojawapo ya bakteria hawa kumwelemea zaidi. Na mama asiyekuwa na abiria wa kupakia, kivuko chake kinaenda na kurudi kitupu.

Sasa kwetu. Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wanawake zaidi ya 7,000 na kukuta karibu asilimia 12 wana streptokoka kundi B. Watafiti hawakuhesabu watoto waliougua tu. Waliwachunguza pia waliozaliwa wafu. Makadirio ya waliozaliwa wafu kwa sababu ya bakteria huyu na ya waliougua siku za mwanzo yalikaribiana, kila kundi likiwa chini kidogo ya mtoto mmoja kwa kila 1,000. Idadi yenyewe ni ndogo, na mipaka ya makadirio ni mipana, kwa hiyo tusiyakamate kwa nguvu sana. Kwa dunia nzima, makadirio yaliyotolewa mwaka 2021 na Shirika la Afya Duniani pamoja na watafiti wa London ni vifo karibu 100,000 vya watoto wachanga na watoto 46,000 waliozaliwa wafu kila mwaka. Mengi ya madhara hayo yako Afrika, ambako pia ndiko takwimu zilizopo ni chache.

Utaratibu wa Marekani hauhamishiki kirahisi. Unahitaji maabara ya kuotesha bakteria, majibu yanayomfuata mama hadi atakapojifungulia, na mama anayefika saa 4 kabla. Wengi hufika mtoto akiwa mlangoni. Mtoto aliyefia tumboni wiki moja kabla, dripu ya leba haikumhusu.

Kidonge je? Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio la wanawake zaidi ya 29,000 katika nchi saba, zikiwemo Kenya na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Walipewa gramu 2 za azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, kwa mdomo wakati wa uchungu. Akina mama waliopata maambukizi makali au kufa walipungua kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6, jambo kubwa kwa kidonge. Kwa watoto hakukuwa na tofauti. Sababu haijathibitishwa, ila wapo bakteria wengine wengi, na katika wodi za watoto wachanga za Afrika Klebsiella ndiye anayetamba, naye mara nyingi huwapata humo hospitalini na kudharau dawa za kawaida.

Kinachotazamiwa kwa streptokoka kundi B ni chanjo kwa wajawazito, itakayowapa kingamwili za IgG mapema kabla ya safari za miezi ya mwisho, na ambayo huenda ikazuia hata vifo vya tumboni. Ya kampuni ya Pfizer, inayolenga aina sita za gamba, ilijaribiwa Afrika Kusini na matokeo ya awali yakatoka mwaka 2023. Kikwazo kikubwa ni hesabu: ugonjwa unapompata mtoto mmoja au wawili kwa kila 1,000, kuthibitisha kwamba chanjo inauzuia kungehitaji makumi ya maelfu ya wajawazito. Kwa hiyo wanasayansi wanatafuta njia ya mkato, yaani kukubaliana kiwango cha kingamwili kwenye damu ya kitovu ambacho mtoto akizaliwa nacho atahesabiwa amelindwa.