Ukipotea porini Liwale, usianze na upinde

Kila kundi la askari wa wanyamapori wa vijiji ninalofundisha huku Liwale, mkoani Lindi, halikosi kijana mmoja aliyeshiba video za simu. Wa mwisho nilimpa zoezi kama wenzake: umepotea, una panga na lita moja ya maji. Akakata mti, akaanza kuchonga upinde. Kufika saa sita mchana upinde haujaisha na chupa imekauka. Mzee wa Kingindo ninayefuatana naye, fundi wa asali, akamwangalia. "Mjukuu wangu, mpaka sasa aliyejeruhiwa ni wewe."

Njaa haikuui wiki ya kwanza. Kiu ya siku tatu kwenye jua la Oktoba inakuua, na nyama inaiongeza, kwa sababu mwili hutumia maji kuisaga na kutoa mabaki yake kwenye mkojo. Huna maji, usile nyama. Tafuta korongo la mchanga, nenda kwenye kona, uchimbe upande wa nje ambako mto ulikula ukingo. Hapo ndipo kina kilikuwa kirefu na maji hukawia kuondoka. Mkuyu uliosimama na majani mabichi wakati miombo imepukutika ni ishara nzuri. Mahali tembo walipokwisha chimba ni pazuri zaidi, ila subiri waondoke!

Sasa chakula. Mtu wa kusini hana haja ya kuelezwa ming'oko, anainunua ya kuchemsha barabarani Mtwara na Masasi. Shida ni kuitambua ikiwa bado ardhini, maana ina ndugu mbaya, ndiga, yenye sumu mpaka ikatwekatwe na kulowekwa siku kadhaa. Angalia jani: la ming'oko ni moja, umbo la moyo, la ndiga limegawanyika vijani vitatu. Ukiwa na shaka, acha.

Kuwinda kwenyewe nakuachia kitanzi tu, kwa kanga, kware na ndezi. Gome la myombo hutoa kamba imara. Usikitege katikati ya uwazi; tafuta kijia chao, ziba pembeni kwa vijiti na miiba ili mnyama asiwe na njia nyingine, kisha tega vitanzi vingi kabla jua halijazama. Kimoja hakitoshi. Ukiokolewa, tegua vyote, kwani kitanzi kilichosahauliwa kinaendelea kuua bila mlaji. Na ni kwa dharura tu: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni. Kambale wa kwenye dimbwi linalokauka ni rahisi kuliko wote, kama umehakikisha hamna mamba.

Lakini mwindaji bora porini kwetu ana mabawa. Yule ndege wa asali anakuja juu ya kichwa chako, anapiga kelele, anaruka mti wa mbele, anakungoja. Mfuate. Watafiti walipima jambo hili ng'ambo ya Ruvuma, hifadhi ya Niassa, Msumbiji, wakachapisha mwaka 2016. Wawindaji asali wa Kiyao wakipiga mlio wao wa jadi, uwezekano wa kufikishwa kwenye mzinga ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Mzee wangu alipoelezwa hizo asilimia alicheka, akauliza waliobaki walikuwa wanapiga mluzi gani. Washa kienge cha majani makavu, wape nyuki moshi, toa asali, mwachie ndege masega. Nta ndiyo mshahara wake.

Usiku, chochote ulichochuna kiwe mbali na unapolala. Simba waliua zaidi ya watu 560 nchini kati ya 1990 na 2004, na Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia zaidi. Mara nyingi simba hao walikuwa wakifuata nguruwe pori mashambani. Harufu ya damu kando ya kitanda chako ni mwaliko. Moto mkubwa, mgongo kwenye shina nene, na kuni za kutosha kabla giza halijaingia.

Ule upinde wa kijana? Mzee aliukata katikati, akaupigia ncha, tukachimbia ming'oko.