Karatasi ya pili: maswali ya watu wa Kigoma kuhusu utafiti wa upasuaji wa taya na uso

Mzee mmoja wa Ujiji alinipigia simu usiku, salamu hata hazijaisha akaingia kwenye hoja. Mjukuu wake, dereva wa bodaboda, alikuwa amepelekwa kwa rufaa nje ya mkoa, taya la chini limevunjika mahali pawili. "Dokta, wamempa karatasi mbili za kuweka sahihi. Ya kwanza nimeielewa, ya kupasuliwa. Ya pili imeandikwa utafiti. Wanataka kumfanya nini mtoto wangu?"

Tuliongea mpaka salio lake likakata. Nikampigia mimi, tukaendelea. Niliyomjibu, pamoja na maswali ninayoyasikia kila wiki kwenye benchi la kliniki ya meno hapa Kigoma, nimeyaandika hapa.

Karatasi ya pili ni ya nini?

Ya kwanza inasema: nakubali nitibiwe. Ya pili inasema: nakubali yatakayonitokea yaandikwe, yapimwe na yalinganishwe na ya wengine, ili madaktari wajue jambo ambalo bado hawana uhakika nalo. Ukiikataa ya pili, ya kwanza haifi. Taya litafungwa vilevile, na hakuna mwenye haki ya kukununia.

Kuandika hivyo ni rahisi. Mtu aliyelala kitandani, mate yanamtoka, meno hayakutani, na anayemwomba ashiriki ndiye huyohuyo atakayeshika kisu kesho, atapata wapi ubavu wa kusema hapana? Kwa hiyo omba muda. Sema unataka kwanza kuongea na ndugu. Fomu nzuri imeandikwa kwa Kiswahili cha kawaida, inataja hatari na faida, na ina namba ya simu ya kamati ya maadili, watu wasiokutibu ambao unaweza kuwapelekea malalamiko. Nakala moja ni yako, usiondoke bila hiyo. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, kisha anaweka dole gumba.

Na anayeamua ni mgonjwa mwenyewe. Mjukuu wa yule mzee ana miaka 24. Babu anashauri tu. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, ila mtoto anayejielewa naye huulizwa.

Kwani madaktari hawajui kutibu taya? Wanatafiti nini tena?

Wanajua. Shida ni kwamba wanajua njia zaidi ya moja.

Njia ya zamani ni waya. Meno ya juu yanafungwa na ya chini, mdomo haufunguki wiki 4 mpaka 6, mfupa unaunga wenyewe. Mgonjwa anaishi kwa uji, mchuzi wa migebuka uliochujwa, maziwa, vyote kwa mrija unaopenyezwa pembeni ya shavu. Kilo zinapungua. Kifaa cha kukatia waya anatembea nacho saa zote, hata msalani, kwa sababu akitapika na mdomo umefungwa anaweza kupaliwa akafa. Nawaambia pia ndugu wa nyumbani wajue ni waya zipi za kukata, wasisubiri siku ya hatari ndipo waulizane.

Njia nyingine ni kulifungua taya na kulishikiza kwa vyuma vidogo bapa vyenye skrubu. Mgonjwa anafungua mdomo mapema na anarudi kwenye ugali laini mapema. Lakini ni upasuaji kamili, mara nyingi kwa nusu kaputi, gharama iko juu, chuma kinaweza kuingia usaha, na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya ukiguswa, mdomo wa chini unabaki na ganzi miezi, pengine moja kwa moja.

Sasa niambie, dereva wa bodaboda afungwe kwa ipi? Mwenye pikipiki ya mkataba anayedaiwa hesabu ya kila siku si sawa na mwenye shamba la michikichi. Utafiti mzuri haupimi picha ya eksirei peke yake. Unauliza ulirudi kazini siku ya ngapi, ulipungua kilo ngapi, meno yanakutana ukitafuna, uliuza nini ili upate nauli. Kwangu mimi utafiti wa taya usiouliza habari za nauli na kazi umeishia njiani.

Kwa nini mnawapigia wagonjwa kura kama bahati nasibu?

Kwenye baadhi ya tafiti, kura ndiyo inayoamua nani apate waya na nani apate vyuma. Hili linaudhi watu, na naelewa. Lakini tazama ingekuwaje bila kura. Daktari angewapa vyuma wenye uwezo, waliovunjika kidogo, wanaopiga mswaki na wanaoishi karibu na hospitali. Waya zingebaki kwa waliotoka mbali, taya limevunjika siku 9 zilizopita na jeraha limeshaoza. Mwisho wa mwaka vyuma vingeonekana dawa ya ajabu, kumbe vilipewa wagonjwa wepesi. Kura inawachanganya watu ili kundi moja lisiwe la wenye bahati. Na hairuhusiwi kura ambayo upande mmoja unajulikana tangu mwanzo kuwa ni mbaya.

Kinywa kina upekee wake hapa. Mtu ana magego ya mwisho kushoto na kulia, mara nyingi yamekaa kwa namna inayofanana. Watafiti hutoa la upande mmoja kwa njia hii na la upande wa pili kwa njia ile, mtu anajilinganisha na nafsi yake. Maumivu ya kutolewa magego hayo yanatabirika kiasi kwamba dawa nyingi za kutuliza maumivu duniani zilipimwa kwa watu waliotoka kung'olewa. Ukimeza aibuprofeni leo kwa ajili ya goti, kuna magego ya watu nyuma yake.

Ni utafiti wa magego hayohayo uliotuonyesha kwamba, kwa watu wenye afya, inabidi wapatao 19 wapewe antibaiotiki ili mmoja tu aepushwe na usaha. Wale 18 wanameza bure, na vijidudu vinazidi kuizoea dawa.

Wanachukua damu na kukata kinyama. Huu si umumiani?

Sitamcheka anayeuliza hivyo. Hadithi za mumiani zimezunguka pwani na bara tangu enzi za bibi zetu, na watafiti wenyewe wana historia ya kuwatia watu hofu. Kwenye fani yetu ya kinywa kuna kisa cha Vipeholm, Uswidi. Miaka ya 1940 wagonjwa wenye ulemavu wa akili, waliokuwa wakiishi kwenye taasisi hiyo, walilishwa pipi za kunata kwa makusudi ili ionekane kama meno yataoza. Yalioza. Dunia ikapata ushahidi kwamba sukari ya kunata inayoliwa kati ya mlo na mlo ndiyo inayoharibu zaidi, ushahidi ambao hata mimi nautumia kuwaonya akina mama, na kila nikiutumia nawakumbuka wale watu ambao hawakuulizwa.

Azimio la Helsinki la mwaka 1964, la chama cha madaktari wa dunia, liliandikwa ili daktari asijipe ruhusa hiyo. Kwetu Tanzania, utafiti unaogusa afya za watu unapita kwenye kamati za maadili, na kitaifa kibali kinasimamiwa na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Ikiwa ni jaribio la dawa, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nayo lazima iidhinishe. Sampuli kwenda nje ya nchi ina makaratasi yake ya ziada. Una haki ya kuuliza: kinyama changu kitakaa wapi, kitapimwa nini, kitatupwa lini? Asiyeweza kukujibu hayo hajawa tayari kukukata.

Ila tofautisha. Kinyama kinachokatwa ili ujulikane uvimbe wako ni wa aina gani ni sehemu ya matibabu. Ukikikataa hicho, unajinyima wewe.

Utafiti wa taya umewahi kumsaidia Mwafrika kweli?

Mwaka 1957, hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alioneshwa mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakujua ni nini. Baadaye akamwona mwingine. Akaanza kupekua majalada, akaandika makala mwaka 1958, akatuma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali za serikali na za misheni akiuliza swali moja: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari aina ya Ford, wakasafiri wiki 10 kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, wakipitia Tanganyika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali.

Ramani ilipokamilika ikaonekana uvimbe huo, saratani ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, unafuata joto na mvua, na hupungua sana kwenye nyanda za juu na baridi. Ziwa letu la Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na joto la Kigoma mnalijua. Sisi tumo ndani ya ukanda huo. Mwaka 1964, kutoka kwenye sampuli za uvimbe zilizosafirishwa toka Uganda, vikaonekana virusi ambavyo leo vinaitwa Epstein-Barr. Malaria ya mara kwa mara nayo ina mkono wake.

Ninachokipenda kwenye kisa hiki ni kwamba mpasuaji aligundua kisu chake hakifai. Kukata taya hakukuwaponya watoto wale; dawa za saratani ndizo zilizoyeyusha uvimbe, wakati mwingine ndani ya siku chache. Kwa hiyo mtoto wako akivimba taya ghafla na meno yakaanza kulegea, ndani ya wiki moja au mbili uvimbe umeongezeka maradufu, usimzungushe kwa waganga. Mlete. Huo ni ugonjwa unaopona ukiwahiwa.

Mimi nina uvimbe wa taya miaka mitatu, hauumi. Kuna haja?

Kuna haja, tena hiyo ya kutokuuma ndiyo inayotuletea watu wakiwa wamechelewa. Uvimbe mmoja tunaouona sana kwa vijana na watu wazima unaitwa ameloblastoma. Si saratani kwa kawaida yake, hukua taratibu kama mpangaji aliyekodi chumba, lakini hula mfupa. Kwenye picha mara nyingi taya huonekana kama mapovu ya sabuni.

Tafiti zimebishana miaka mingi juu yake: kuukwangua tu na kuliacha taya, au kukata kipande cha taya pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima? Kukwangua kunauacha uso na umbo lake, mgonjwa anafurahi, kisha uvimbe unarudi kwa watu wengi. Kukata kunaumiza sura, lakini kurudi kunapungua sana. Na unaporudi hauna haraka. Unaweza kurudi hata baada ya miaka 10.

Mtoto ana homa na kuharisha, jirani anasema ni meno ya plastiki yang'olewe.

Hapana. Ule weupe unaouona kwenye ufizi ni jino changa la kweli halijatoka. Likichokolewa kwa kisu au spoku ya baiskeli, mtoto anapata majeraha, usaha, hata pepopunda, na meno ya ukubwani yanaota yakiwa na kasoro au hayaoti. Tafiti za hapahapa Tanzania zimeonyesha madhara hayo kwa miongo kadhaa. Homa na kuharisha vina dawa, na dawa haiko kwenye ufizi.

Nitalipwa?

Kwa kawaida unarudishiwa nauli na muda uliopoteza. Ukiahidiwa fedha nyingi, shtuka.

Naweza kujitoa katikati?

Siku yoyote, bila kueleza sababu. Ila ukijitoa na waya ziko mdomoni, rudi zitolewe. Kuna aliyejitoa akaamua kuzitoa nyumbani kwa koleo la fundi umeme. Alikuja kwetu na meno mawili mkononi.

Jino limeoza, shavu limevimba mpaka chini ya kidevu. Nisubiri?

Usisubiri hata kukuche. Ukiona sakafu ya mdomo imenyanyuka, ulimi unasukumwa juu, mate hayamezeki, sauti imebadilika, usaha umeshuka chini ya ulimi na unaelekea kuziba njia ya hewa. Daktari Mjerumani von Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na hakuna swali lililobaki juu ya kuwahi hospitali.

Nimeshapona. Mbona bado wananipigia simu?

Kwa sababu utafiti wa taya hufia hapa. Wagonjwa wengi hawarudi, na wasiorudi ni wa aina mbili: waliopona kabisa wakaona nauli ya nini, na walioharibikiwa wakaenda kwingine au wakafa. Mtafiti akiwahesabu waliorudi tu, jibu lake linadanganya, na hajui linadanganya kuelekea upande gani. Mtu wa Kasulu aliyekwenda kupasuliwa Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita elfu moja za kurudi kuonyesha kwamba mdomo unafunguka vizuri. Simu ya dakika mbili inamwokolea safari hiyo.

Wanaopanga tarehe za kurudi wangetuuliza sisi wa huku. Mvuvi wa dagaa anakwenda ziwani wakati wa giza, mbalamwezi ikiingia anapumzika. Ukimpangia kliniki siku za giza hutamwona. Mpangie za mbalamwezi, atakuja kabla ya saa yake. Nimeona hilo kwa macho yangu kwenye daftari la mahudhurio.

Hayo ndiyo tuliyomalizia na mzee wa Ujiji. Kijana alikuwa ameamua kushiriki, ila fomu ilitaka namba ya ndugu atakayepatikana hata kama yeye atabadili laini.

"Waandike yako, mzee."

"Yangu? Si hii iliyokata sasa hivi?"

Wakaandika ya muuza duka wa jirani yake.