Gumba likiuma, onyesha kwa ncha ya kidole kimoja

Neno "kuteguka" huficha mambo mengi. Mtu akianguka akajikinga kwa mkono, gumba likavimba, walio karibu husema limeteguka. Mmoja hujitolea kulivuta, mwingine huleta mafuta ya kuchua. Lakini chini ya uvimbe huo huenda kuna ligamenti (utepe unaofunga mfupa na mfupa) iliyokatika, mfupa uliovunjika kwenye shina la gumba, mfupa mdogo wa kifundo uliopasuka, au kiungo kilichochomoka kweli. Matibabu yake hayafanani, na kosa la wiki mbili za kwanza linaweza kumbakia mtu maisha yake yote. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mgonjwa huwa moja: nionyeshe kwa ncha ya kidole kimoja, si kwa kiganja kizima, pale panapouma kuliko kwingine.

Ili jibu hilo lisaidie, tujue ramani. Gumba lina pingili mbili, wakati vidole vingine vina tatu. Chini ya pingili hizo kuna mfupa wa kiganja, nao umekalia mfupa mdogo wa kifundo uitwao trapezi. Hivyo tuna viungo vitatu: cha ncha, cha kati na cha shina. Cha shina kina umbo la tandiko, na ndicho kinacholiwezesha gumba kuvuka kiganja na kugusa ncha ya kila kidole. Kwa kuwa kiko huru hivyo, uthabiti wake hutegemea ligamenti kuliko umbo la mifupa. Tena hubeba mzigo mkubwa: ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha, kiungo cha shina hupokea takriban kilo 12.

Maumivu upande wa ndani wa kiungo cha kati

Upande wa ndani ni ule unaotazama kidole cha shahada. Hapa hukatika ligamenti pale gumba linaposukumwa kwa ghafla mbali na kiganja: mtu ameanguka akiwa ameshika fimbo au usukani wa baiskeli, au mpira umempiga gumba akiudaka. Dalili yake ni udhaifu wa kubana. Kuzungusha ufunguo kunashindikana, kifuniko cha chupa hakifunguki, karatasi inachomoka kati ya gumba na kidole cha shahada.

Picha ya eksirei hutangulia kupima kwa mkono, kwa sababu mara nyingine ligamenti hung'oka na kijipande cha mfupa, na kukisukuma ni kukihamisha. Kama hakuna kilichovunjika, tunakunja kiungo nyuzi 30, tunakisukuma taratibu kuelekea nje, kisha tunafanya vilevile kwenye mkono usioumia. Kiungo kikifunguka zaidi ya nyuzi 30 hadi 35, au nyuzi 15 kupita mwenzake, na hakuna mahali kinapogota, ligamenti imekatika yote. Kikigota, imechanika sehemu tu. Hiyo hupona kwa plasta au banzi linaloshika gumba kwa wiki 4 hadi 6, usiku na mchana, kiungo cha ncha kikiachwa huru ili kisikakamae. Kubana kwa nguvu kunasubiri hadi karibu miezi 3.

Iliyokatika yote ina mtego wake. Mwaka 1962 Bertil Stener, daktari wa upasuaji wa Sweden, alieleza jinsi ncha ya ligamenti inavyoweza kupinduka na kulala juu ya utando wa msuli unaovuta gumba ndani. Utando huo ukishaingia katikati, ncha haigusi tena mfupa wake. Hapo plasta ya wiki 6 au ya miezi 6 ni sawa tu, haitaunga. Uvimbe mdogo mgumu unaopapaswa upande huo wa ndani ni ishara yake. Dawa ni upasuaji wa kuirudisha ligamenti kwenye mfupa, na inafaa ufanyike ndani ya wiki 3. Baada ya hapo ncha husinyaa, na mara nyingi hulazimu kupandikiza kano kutoka kwingine au kukifunga kiungo kisicheze tena.

Kuhusu kuvuta: kiungo cha kati kikichomoka kurudi nyuma, gumba husimama kama mpini. Kulivuta kwa urefu ndilo jambo baya kuliko yote, kwa sababu kunaweza kunyonya kibamba kigumu cha upande wa kiganja kikaingia ndani ya kiungo. Kilichokuwa kinarudi kwa ganzi na dakika chache sasa kinataka kisu. Anayejua kukirudisha hulegeza kano kwa kukunja kifundo cha mkono, kisha husukuma shina la pingili kutoka nyuma kwenda mbele, likiteleza juu ya mfupa bila kuachana nao. Wewe usikirudishe. Lifunge kama lilivyo, uende hospitali.

Maumivu kwenye shina

Nguvu ikiingia kwa urefu wa gumba lililokunjwa kidogo, kama katika ngumi au kuanguka, mfupa wa kiganja huvunjika ndani ya kiungo cha shina. Bennett, daktari wa upasuaji wa Dublin, aliueleza mvunjiko huu mwaka 1882, na bado tunauita kwa jina lake. Kijipande kidogo hubaki mahali pake, kimeshikwa na ligamenti imara. Mfupa wote uliobaki huvutwa na kano kuelekea kifundo. Ndiyo sababu plasta peke yake huniridhisha mara chache: kano haiachi kuvuta ndani ya plasta, na picha nzuri ya siku ya kwanza huharibika siku ya kumi. Kwa kawaida tunaunyoosha chini ya ganzi, tunaushikiza kwa nyaya nyembamba za chuma zinazopita kwenye ngozi, na kuzitoa baada ya wiki 4 hadi 6. Kiungo kikiachwa na ngazi ndani yake, yaani vipande visivyolingana, gegedu husagika kabla ya wakati. Wakati mwingine shina husagika vipande vitatu au zaidi kwa umbo la T au Y, na huo ni mgumu zaidi. Huhitaji bamba na skrubu, au fremu ya nje.

Maumivu ndani ya kishimo

Nyoosha gumba kwa nyuma, kama mtu anayeomba lifti. Kati ya kano mbili zinazojitokeza kuna kishimo. Kikiuma ukikibonyeza baada ya kuanguka juu ya kiganja, chukulia kwamba skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo ulio chini ya kishimo hicho, umevunjika hadi ithibitike vinginevyo. Eksirei ya siku ya kwanza inaweza kuonekana safi kabisa, na hapa ndipo wengi huambiwa "umeteguka tu" wakarudishwa nyumbani. Njia sahihi ni kufunga plasta au banzi na kurudia picha baada ya siku 10 hadi 14, au kupiga MRI (picha ya sumaku) mapema kama ipo.

Tahadhari hii inatokana na damu ya mfupa wenyewe. Damu nyingi ya skafoidi huingilia upande wa vidole na kurudi nyuma. Mfupa ukivunjika katikati yake, kipande cha upande wa kigasha hukosa damu, huunga polepole, na kinaweza kufa. Plasta hukaa wiki 8 hadi 12. Vipande vilivyoachana kwa milimita 1 au zaidi hushikizwa kwa skrubu. Ukiachwa bila kuunga, maumivu yanaweza kupoa kwa muda, kisha kifundo kizima husagika miaka kadhaa baadaye.

Kama hakukuwa na ajali

Maumivu upande wa kifundo, sentimita chache juu ya kishimo, yanayokuja polepole na kuchoma ukinyanyua kitu, kwa kawaida ni ugonjwa wa de Quervain, ulioelezwa na daktari huyo wa Uswisi mwaka 1895. Kano mbili za gumba hupita pamoja kwenye ala nyembamba. Ala ikinenepa, kano husuguana. Huwapata sana mama wenye watoto wachanga. Ukificha gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo upande wa kidole cha mwisho, maumivu hupanda kwa ukali. Pima pia mkono mwingine, maana hata mzima huvutika kidogo. Banzi linaloshika kifundo na gumba kwa wiki 3 hadi 6, pamoja na kubadili namna ya kubeba mtoto, huwatosha baadhi. Usimnyanyue kwa kupanua magumba chini ya kwapa zake. Mzoe kwa mikono, viganja vikitazama juu. Sindano ya steroidi ndani ya ala huwaponya wengi. Ikishindwa, mara nyingi ni kwa sababu ala ina ukuta wa ndani unaotenga kano moja, na dawa haikuifikia. Sindano hiyo inaweza kufifisha rangi ya ngozi mahali ilipochomwa, na humpandishia mwenye kisukari sukari kwa siku kadhaa. Aambiwe kabla.

Gumba linalonasa likikunjwa kisha kufyatuka lina tatizo kwenye pete ya kwanza ambamo kano hupita, upande wa kiganja, chini ya kiungo cha kati. Tiba ni sindano ileile. Ikishindwa, upasuaji mfupi wa kuikata pete kwa ganzi ya mahali. Neva za gumba hupita hapo karibu kabisa na ngozi, hivyo si kazi ya kubahatisha. Kwa mtoto mdogo, ncha hubaki imekunjwa na wazazi hudhani imevunjika. Msiinyooshe kwa nguvu. Wengine hufunguka wenyewe wakikua. Wasiofunguka hufanyiwa upasuaji.

Baada ya miaka 50, hasa kwa wanawake, maumivu ya shina wakati wa kufungua kopo au kukamua nguo mara nyingi ni kusagika kwa gegedu. Banzi laini wakati wa kazi, jeli ya kutuliza maumivu, vishikio vinene na mazoezi ya misuli ya shina la gumba hutangulia. Kuondoa mfupa wa trapezi hufuta maumivu vizuri, lakini nguvu huchukua miezi 3 hadi 6 kurudi.

Usaha, ukucha na kisu

Mdudu wa kidole akianzia pembeni ya ukucha na hakuna usaha bado, maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, yanaweza kutosha. Usaha ukishajikusanya utolewe; dawa za kumeza peke yake hazifiki ndani ya mfuko huo. Nyama ya ncha ikiwa imejaa, ngumu, inapwita hadi mtu halali, nenda siku hiyohiyo, kwani shinikizo huzuia damu na maambukizi huweza kuingia mfupani. Malengelenge madogo ya maji meupe ni jambo jingine: huenda ni virusi vya herpesi, na kuyapasua huongeza madhara.

Damu iliyoganda chini ya ukucha mzima, ikiuma sana, hutolewa kwa tundu dogo ndani ya siku 1 au 2, kwa kifaa safi mikononi mwa mhudumu wa afya.

Jeraha la kisu upande wa kiganja, hata dogo, lipimwe hivi: shikilia kiungo cha kati kimenyooka, kisha jaribu kukunja ncha. Isipokunjika, kano imekatika. Ishonwe ndani ya siku chache, kabla msuli haujaivuta mbali.

Gumba likikatika kabisa, bana kidonda kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kipande kifungwe kwenye gozi iliyoloweshwa kwa maji safi ya chumvi ya hospitali, kiingizwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe kwenye maji yenye barafu. Kisigusane na barafu moja kwa moja, kwani itaunguza nyama. Kisiloweshwe kwenye dawa ya kuulia vijidudu. Kikiwa baridi kinaweza kuungwa hata baada ya saa 24; kisipopozwa, takriban 12. Hata kama kimechakaa, kipeleke, kwa sababu kwa gumba tunajaribu pale ambapo kwa kidole kingine tungeacha. Andika juu ya mfuko saa ya ajali.