"Maalim, sehemu nazijua, nirudishie aljebra tu"

Juzi baada ya isha kaja mwengine tena. Mtu mzima, anafanya kazi hoteli kule Nungwi, kapata chuo Marekani na kabla hajapangiwa masomo lazima apimwe kiwango cha hesabu, na hesabu mara ya mwisho kaigusa fom foo mwaka 2012. Hata hajakaa vizuri kwenye jamvi kashanambia, "Maalim, sehemu na minasi hizo za praimari nazijua, mie nirudishie aljebra tu." Wa tatu huyo mwezi huu, maneno yale yale utasema wamekaa kikao.

Mie huwa sibishani. Nikachukua karatasi nikamuandikia:

3 − 2(x − 4) = 1

Kafungua mabano mbio mbio, 3 − 2x − 8 = 1, kashuka mpaka chini kapata x = −3, akaweka kalamu. Nikamwambia haya, hiyo −3 irudishe pale palipokuwa na x alafu nambie kama inatoka moja. Kahesabu, imetoka 17. Akahesabu tena, 17. Kimya.

Sasa niangalilie hapo, aljebra yake ina ugonjwa gani? Mabano kajua yanafunguliwa, namba kahamisha sawa, mwisho kagawa sawa, hatua zote zimo. Kilichomuangusha ni minasi mbili mara minasi nne, ambayo ni plasi nane, basi, na jibu lilikuwa 5. Nikampa na 1/2 + 1/3, kaandika 2/5, juu kwa juu na chini kwa chini. Nikamuuliza we bwana una nusu boflo mkononi, mtu kakuongeza thuluthi, alafu ukiangalia una kitu kidogo kuliko nusu, nani kakuibia? Akacheka, lakini jibu la 5/6 halikutoka mpaka nilipomshika mkono.

Hii ndo dhana inayonikera kuliko zote, kwamba ukikaa miaka kumi kinachopotea ni vile vya juu na vile vya chini vimebaki salama. Kwa watu wangu mimi ni kinyume chake, wengi utaratibu wa ikwesheni wakikumbushwa siku mbili tatu unarudi, lakini sehemu na hasi hazikuwahi kukaa sawa tangu skuli, walikuwa wanabahatisha, na kila kitu cha mbele kinapita humo humo, mteremko wa mstari ni sehemu, asilimia ni sehemu, ukitaka kupata x inabidi ugawe na hapo hapo sehemu inazaliwa. Alafu mtu anakwambia ruka.

Na kinachoniuma zaidi ni kuwa sehemu watu wa kwetu tunazo mdomoni. Bwana huyo huyo nikamuuliza, mtu kafariki, baba yake hayupo, kaacha mke, mama na watoto wa kiume na wa kike, mirathi inakwendaje? Wala hakufikiri, mke thumuni, mama sudusi, inayobaki ya watoto. Haya, 1/8 na 1/6, utazijumlisha vipi? Mali igawe mafungu 24, mke 3, mama 4, watoto 17. Hiyo 24 ndo KDS, kigawe kidogo cha shirika, uliyokuwa unaikimbia darasani. Akashika kichwa. Skuli alisomeshwa hizi kwa Kiingereza na hakuna aliyemwambia kuwa thumuni anayoisikia kwa masheikh na ile wan ova eiti ni kitu kimoja.

Kwa hiyo kwangu sharti ni moja, wiki mbili za mwanzo ni sehemu na hasi peke yake, masuali kumi kila siku baada ya alfajiri, kwa mkono, hakuna kalkuleta. Wengine wananuna wanaondoka, na waende.

Dhana nyingine nazipitia haraka mana nshazichoka. MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, haisemi kujumlisha kunatangulia kutoa! 10 − 4 + 3 ni 9, si 3. Kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, unakwenda kushoto kulia, na kugawa na kuzidisha vile vile, 12 ÷ 3 × 2 ni 8. Hili hata walimu wenzangu wengine nimegombana nao.

"Nimeangalia video zote." Sawa, na mie nimeangalia mpira miaka thalathini. Funga simu, andika suali hilo hilo kwenye karatasi tupu uone unafika wapi.

"Ubongo umezeeka." Umehifadhi Juzuu Amma utotoni, ukaiacha, ukirudi kufanya muraja inachukua muda ule ule wa mwanzo? Haichukui. Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, alijipima mwenyewe hivo hivo akaandika mwaka 1885, kitu ulichowahi kujifunza, hata ukidhani kimefutika, kujifunza tena kunataka muda mdogo.

Kalkuleta: chuo cha huyu bwana kinatumia Accuplacer, ndo huo mtihani wa kupima kiwango, na humo kalkuleta inatokea yenyewe kwenye skrini kwa baadhi ya masuali tu, ya kwako hupeleki.

Na hili la "nikifeli basi". Accuplacer haina kufeli, maksi zinakwenda 200 mpaka 300 na chuo ndo kinaamua uanzie kozi gani, ila ukianguka chini mara nyingi unawekwa kozi za kujaziwa pengo, unazilipia na kwenye digrii hazihesabiwi. Masuali yenyewe 20 kila fungu la hesabu, yanapanda na kushuka kufuatana na unavojibu, na ukishapita suali hurudi nyuma. Saa haipo kabisa. Juzi nikampa bwana wangu jaribio la masuali 20 kayamaliza dakika kumi na mbili anajisifu, nikamuuliza x ngapi umezirudisha ukaziangalia. Hata moja. Nikamrudishia karatasi, nikaenda kuteleka chai.