Je, wajua kwa nini mwanafunzi humwelewa mhusika zaidi akiandika kwa sauti yake?

Muulize mwanafunzi wa sekondari mjini Lamu ataje sifa za mwana wa Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili. Hatasita: msaliti, mwenye tamaa, mjinga. Alama amepata. Sasa muulize: mwana huyo alikuwa akijiambia nini usiku wa kumuua babake, ameshika sindano ya shaba na baba amelala mbele yake? Hapo darasa zima hunyamaza.

Wananyamaza kwa sababu kuorodhesha sifa hakumlazimishi mtu kumfikiria mhusika. Maneno kama “msaliti” na “mwenye bidii” yamejaa kwenye miongozo, na yanaweza kubandikwa mhusika yeyote wa hadithi yoyote. Akiambiwa aandike barua kwa nafsi ya kwanza, kana kwamba ndiye mhusika, mwanafunzi anagundua kwamba neno hilo halimfai kitu, kwa maana hakuna msaliti anayejiita msaliti. Itambidi aamue kijana alitaka nini, aliogopa nini, na alijidanganya vipi hata mkono ukathubutu. Na kila anachoamua kinamrudisha kwenye matini kuhakikisha kwamba hadithi inakiruhusu.

Hadithi ya Liyongo inafaa sana kwa kazi hii. Muhammad Kijuma wa Lamu aliitungia utenzi mwaka 1913, na watoto wengi wa visiwani huisikia nyumbani kabla ya kukutana nayo shuleni. Kwa ufupi: mfalme wa Pate anamhofia Liyongo, shujaa asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Anamfunga gerezani, lakini Liyongo anatoroka kwa msaada wa kijakazi. Ndipo mfalme anamrai mwana wa Liyongo kwa ahadi ya cheo na ya kumwoza bintiye. Kijana anamuuliza babake siri hiyo, baba anamwambia kwa kinywa chake mwenyewe, naye anamchoma usingizini. Liyongo anaamka, anatwaa uta, anakwenda kisimani na kufa amepiga goti huku mshale umeelekezwa mbele. Watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai, mpaka mamake anapoletwa kumbembeleza. Mwana hapati alichoahidiwa.

Tazama yasiyosemwa. Baba alijibu kwa nini? Mama aliwaza nini alipokikaribia kisima? Pengo kama hilo ndilo la kuandikia. Penye maelezo kamili ya mtunzi, mwanafunzi atanakili tu.

Kazi inahitaji vipindi viwili vya dakika 40. Kipindi cha kwanza si cha kuandika barua, na hapa walimu wengi huharakisha. Wanafunzi wasome tena sehemu husika, kisha wachore jedwali la safu nne: mhusika anasema nini, anatenda nini, wengine wanamwonaje, na jambo gani angetarajiwa kulisema lakini hakulisema. Mambo mawili au matatu kwa kila safu yanatosha. Safu ya nne ndiyo ngumu, na ndiyo itakayozaa barua.

Kipindi cha pili, dakika 15 hadi 20 za kuandika, maneno 150 hadi 200. Masharti yawe machache lakini makali: wakati mmoja, mahali pamoja, kitu kimoja cha kushikika kutoka kwenye hadithi yenyewe, na marufuku kutaja sifa yoyote kwa jina. Sharti hili la mwisho ndilo linalobadilisha kazi. Bila hilo utapata hivi: “Mimi ni mtu mwenye tamaa. Nilimchoma baba yangu kwa sababu ya cheo.” Ukiliweka, mwanafunzi anasukumwa kwingine: “Baba amelala chali, mkono u juu ya uta. Nimesema nikihesabu pumzi zake kumi nitatoka nje. Nimehesabu, sijatoka. Huko Pate wameshaniita mkwe.” Mifano hii tumeitunga wenyewe, lakini tofauti yake ndiyo utakayoikuta kwenye madaftari. Katika wa pili hamna neno “tamaa” wala “woga”, na vyote viwili vimo.

Dakika zilizosalia ni za jirani. Anasoma barua ya mwenzake, anapigia mstari sentensi tatu, na kila moja anaiuliza: umejuaje? Mwandishi anajibu kwenye pambizo kwa namba ya ubeti au ukurasa. Sentensi isiyo na jibu inafutwa, au inaandikwa upya.

Yanayoharibika yanajulikana. La kwanza ni toba. Mwanafunzi hawezi kuvumilia ubaya wa mhusika, basi anamliza: “Nisamehe baba, nimekosa.” Inapendeza masikioni, na mwalimu asiye makini ataipa alama nzuri. Mrudishe kwenye tukio linalofuata: je, mtu aliyetubu hivyo angechukua sindano ile? La pili ni kinyume chake, mhusika anakuwa shetani mtupu anayecheka gizani, na ubinadamu wake unapotea. La tatu, barua inageuka muhtasari wa hadithi. Dawa yake ni kubana wakati: si maisha yote ya kijana, bali kabla ya sindano kushuka.

Kosa sugu kuliko yote limeletwa na insha zenyewe. Tangu shule ya msingi mtoto amefunzwa kuanza kwa “Wahenga hawakukosea waliponena...” na kupachika “Hamadi!” kila panapotokea jambo. Akiandika kama mwana wa Liyongo, kijana huyu naye ananukuu wahenga huku ameshika sindano, na kijakazi na mlinzi wa gereza wanaongea vivyo hivyo. Piga marufuku methali za kufungulia. Ruhusu Kiamu, lahaja ya Lamu, kwenye maneno ya wahusika: mama amwambie mwanawe “ndoo”, si “njoo”, na masimulizi yabaki kwa Kiswahili sanifu. Sauti zitaachana zenyewe.

Si kila mwanafunzi awe mwana anayemuua baba. Wapo ambao kwao jambo hilo ni zito mno, na mwalimu anayewajua atawapa nafasi nyingine bila kuwauliza mbele ya wenzao. Kijakazi anayempelekea Liyongo gerezani mkate wa wishwa wenye tupa ya kukatia minyororo ndani ni chaguo zuri ajabu: anatajwa kidogo, anabeba hatari yote, na inabidi atulie usoni mbele ya walinzi waliozoea kujichukulia chakula kizuri.

Kazi hii haiwi na maana kwa mtihani mpaka mwanafunzi arudishwe kwenye swali la kawaida: eleza sifa nne za mhusika ukitoa mifano. Karatasi ya Fasihi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, inataka sifa na ushahidi wake, si barua. Basi mpe swali hilo siku inayofuata, akitumia pambizo zake. Mara nyingi jibu litakuwa na “mwenye tamaa” ileile, ila sasa litafuatwa na tendo mahususi na ubeti wake.

Kwa darasa la wanafunzi 50, usijitwike kusahihisha barua zote neno kwa neno. Soma pambizo kwanza. Pambizo tupu, irudishe bila alama. Zilizojaa, chagua tano zisomwe kwa sauti, mojawapo iwe ile ambayo darasa litaipinga.